Kwa wakili mgeni wa kesi za biashara Tanga: anza na tarehe

Mfanyabiashara akija ofisini, haanzi na tarehe. Anaanza na dhuluma: marobota ya mkonge yameshapakiwa, mnunuzi hapokei simu. Msikilize, lakini ukurasa wako wa kwanza uwe wa tarehe tupu: mkataba ulisainiwa lini, mzigo ulipokelewa lini, malipo yalitakiwa lini, na fedha ya mwisho iliingia lini. Dai la mkataba lina miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Fedha ya mwisho ina uzito wake: mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake kabla ya muda kuisha, hesabu huanza upya. Kwa hiyo ile barua ya "nivumilieni kidogo" mteja asiitupe.

Halafu, unamshitaki nani? Jina la kwenye kibao cha duka pale Ngamiani mara nyingi ni jina la biashara tu. Mshitaki mwenye biashara. Angalia kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Mteja wako akiwa kampuni, pata azimio la bodi kabla ya kufungua kesi. Mgogoro ukihusu Mamlaka ya Bandari au halmashauri, toa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye pia lazima aunganishwe kwenye kesi, nayo hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukifungua siku ya 60, umemwandikia wakili wa upande wa pili pingamizi la awali, yaani hoja ya kuiondoa kesi kabla haijasikilizwa.

Vielelezo ndivyo vinavyoangusha kesi nzuri. Hati ya kupokelea mzigo imesainiwa, lakini na nani? Mkwaruzo wa kalamu bila jina wala muhuri utakanwa. Mkataba unaotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu na haukulipiwa hautapokelewa, basi lipia mapema. Mazungumzo ya WhatsApp yanapokelewa, ila picha za skrini pekee hazitoshi: simu yenyewe itunzwe, na aliyeyatoa aape yalivyotoka na yalivyohifadhiwa.

Ukiwa upande wa mdaiwa, utetezi wa maandishi ni ndani ya siku 21 tangu kupokea wito. Soma mkataba wote kwanza. Mkataba ukiwa na kipengele cha kupeleka mgogoro kwa mwamuzi nje ya mahakama, omba kesi isimamishwe kabla ya kuwasilisha utetezi. Ukishajibu, umeikubali mahakama.

Kabla ya yote hayo mweleze mteja hesabu, hata kama itakukosesha kazi. Riba baada ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, au hadi 12 wahusika wakikubaliana kwa maandishi. Mdaiwa asiye na mali ya kukamatwa ni heri kumpangia awamu za kulipa.

Ukishindwa Mahakama Kuu, notisi ya rufaa iingie ndani ya siku 30. Ndani ya siku hizohizo mwandikie Msajili wa Mahakama Kuu kuomba nakala za mwenendo wa kesi, na mpinzani apewe nakala ya barua hiyo, asaini. Bila hivyo, muda wa kusubiri nakala utahesabiwa ndani ya siku 60 ulizonazo, tangu notisi, za kuwasilisha rufaa yenyewe.