Maili 31,300 zilizoyeyuka, na kadi moja niliyobaki nayo

Mwangaluka wapendwa. Juzi asubuhi, kabla sijafungua duka, niliona ujumbe wa kijana mmoja wa Bukoba. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Kanada, anaondoka mwezi wa nane, na swali lake ni fupi: "Shikamoo dada. Kadi gani ya ndege inatoa maili nyingi?"

Maili ndizo pointi ambazo shirika la ndege humwekea mwanachama wake kila anaposafiri, na zikitosha hulipia tiketi; kadi ndiyo uanachama wenyewe. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Swali hilohilo nililiuliza mimi mwaka 2014, nikajibiwa na watu wasiojua, na nikalipia ujinga wao kwa miaka. Nimemwahidi kumjibu hapa ili wengine mnaojiandaa kupanda, maana najua humu wengi mna pasipoti mpya droo zimejaa, msome pamoja naye.

Mwaka 2014 nilikuwa na kibanda cha mapazia pale Makoroboi, hapa Mwanza. Mzigo nilikuwa naufuata Kariakoo, nalala kwenye basi, narudi na marobota mawili, faida inaishia kwa wapagazi. Nikajiapiza nitaufuata mwenyewe Guangzhou, China. Nauli niliiunga kwa kikoba na kwa mkopo ambao mume wangu hadi leo hajui ulikuwa mkubwa kiasi gani (kama unasoma, baba watoto, ulishaisha).

Sasa kuna shemeji yangu mmoja, mtu wa Dubai kila baada ya miezi mitatu. Kila tukikutana kwenye shughuli ya familia Nyegezi anatoa kadi yake ya ndege, inang'aa, anailaza mezani pembeni ya funguo za gari. Haitumii kwa lolote pale mezani. Anailaza tu. Mimi nikaitamani ile kadi kuliko hata safari yenyewe. Kwa hiyo safari ya kwanza nikajiunga na programu ya shirika lililonipeleka. Safari ya pili shirika jingine lilikuwa rahisi kwa dola 60, nikapanda hilo na kujiunga nalo. Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile. Nikawa na kadi nne kwenye pochi, nazikusanya kama vitenge vya harusi, na nikikaa karibu na shemeji nalaza zangu pia.

Kwenye daftari la duka nilikuwa naandika kila safari imeniingizia ngapi. Jumla: maili 31,300.

Mwaka 2019 hela yangu yote ilinasa kwenye kontena lililokwama, na nilitakiwa kusafiri. Nikasema si kitu, maili ninazo. Nikafungua akaunti moja baada ya nyingine, usiku, watoto wamelala. Ya kwanza, 12,400, zilishaisha muda siku nyingi. Ya pili, 6,500, nazo zimekwenda hivyohivyo. Ya tatu, zile 9,300 nilizoziandika, hazikuwahi kuingia kabisa, kwa sababu nilijiandikisha kwa jina la ukoo wa mume wangu na pasipoti yangu ina jina la baba. Kwa kompyuta yao, aliyepanda ndege ni mtu mwingine. Nikawaandikia barua pepe, wakataka nitume bodingi pasi, zile karatasi za kupandia ndege. Nilikuwa nazo! Nimezitunza kwenye droo la kaunta miaka yote. Nikalivuta lile droo: karatasi zipo, wino haupo. Zile karatasi huchapwa kwa joto, na duka la bati kwa jua la Mwanza limezifuta hadi zimebaki nyeupe kama sanda. Lakini hata zingesomeka nisingepata kitu. Programu nyingi zinakupa miezi sita hivi ya kudai safari iliyosahaulika, mimi nilikuwa na miaka miwili.

Akaunti ya nne ilikuwa hai. Ilikuwa na maili 3,100.

Krismasi ya mwaka huo nikafanya kosa la kuisimulia habari hii mezani. Shemeji akacheka hadi akaweka kijiko chini. "Shemeji, kadi zote hizo, hata soda hazinunui?" Wakacheka wote, mama mkwe naye. Nilikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Miaka ya korona nairuka, tulikaa nyumbani kama ninyi.

Aliyenifungua macho ni ajenti wa tiketi Dar, dada mmoja mpole, aliponieleza kitu ambacho shemeji na kadi yake yote hakijui. Alisema mashirika mengi makubwa yamegawanyika katika miungano mitatu. Star Alliance ilianzishwa 1997, humo wamo Ethiopian, Turkish, EgyptAir, Lufthansa na Air Canada. Oneworld ina Qatar, British Airways na Royal Air Maroc. SkyTeam ina Kenya Airways, KLM, Air France na Delta. Ukiwa na kadi ya shirika moja, unaweza kupanda ndege ya shirika jingine la muungano uleule na maili zikaingia kwenye kadi yako ileile. Na wapo wanaojitegemea nje ya miungano yote mitatu: Emirates ni hao, RwandAir ni hao, na ndege zetu za kutoka hapa kwenda Dar, Air Tanzania na Precision, nao pia hawamo. Kwa hiyo kipande cha Mwanza hadi Dar mimi nimekiondoa kwenye hesabu zangu zote. Safari ya maili kwa mtu wa Kanda ya Ziwa inaanzia Dar, hata kama usingizi wake umeanzia Pasiansi saa kumi alfajiri.

Nilielewa kwa mfano wa kwetu. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, ghuba yetu tulikuwa tunaivuka kwa vivuko. Ukikata tiketi ya Kamanga, ukaenda nayo Kigongo, watakushangaa. Maji ni yaleyale, ng'ambo ni ileile, lakini tiketi haikujui. Mimi nilikuwa na tiketi nusunusu za vivuko vinne, na hakuna hata kimoja kilichonifikisha ng'ambo.

Basi, kijana wa Bukoba, swali la maili nyingi liweke kando. Jiulize utapita njia gani tena na tena. Wewe unakwenda Kanada. Ethiopian inaruka kutoka Addis hadi Toronto, na Air Canada imo kwenye muungano huohuo, maana yake hata ukishafika kule, ukipanda ndege ya ndani kumtembelea rafiki Vancouver, maili zinaweza kuingia palepale. Lakini kama mfadhili wako ndiye anayekata tiketi, na hukatia KLM kila mwaka, basi kadi yako ni ya SkyTeam na mjadala umekwisha. Uzuri wa ndege usikudanganye. Mimi nilidanganywa na chakula.

Pili, na hili liandike ukutani: si kila tiketi inalipa maili sawa. Kwenye tiketi kuna herufi moja ndogo inayoonyesha daraja la nauli, na watu wawili waliokaa viti jirani, wamekula wali uleule, wanaweza kushuka mmoja na maili zote na mwingine na robo. Chukua njia yetu ya wafanyabiashara. Umbali wa Dar hadi Addis ni maili kama 1,100, Addis hadi Guangzhou kama 5,000. Kwa herufi inayolipa maili zote, kwenda na kurudi unapata 12,000 na kidogo. Kwa herufi inayolipa robo, unaambulia 3,000. Nauli nyingine za promosheni hazilipi hata moja. Kabla hujatoa hela muulize ajenti, "Hii ni daraja gani?" Akikujibu "ekonomi" mwambie unajua, unataka herufi. Akikasirika tafuta ajenti mwingine.

Kuna jambo lilinishangaza hapa. Hulazimiki kuweka maili kwenye programu ya shirika unalolipanda. Tiketi ya Ethiopian unaweza kuipeleka kwenye kadi ya Turkish, na kila programu ina jedwali lake la herufi, kwa hiyo safari moja inaweza kuthaminiwa tofauti kwa kila kadi. Safari moja inaingia kadi moja tu, lakini hiyo moja unaichagua wewe. Kaa chini na majedwali mawili matatu, na kalamu. Mimi nililala saa nane usiku kwa ajili ya hayo majedwali, na usiku huo umenilipa kuliko msimu mzima wa mapazia.

Tatu ni muda wa kuisha. Wewe ni mwanafunzi, pengine utaruka mara moja kwa mwaka au pungufu. Avios za Qatar, ndivyo wanavyoziita maili zao, haziishi ilimradi akaunti iwe na shughuli ndani ya miezi 36. Za Emirates hudumu walau miaka mitatu. Za Flying Blue, programu wanayotumia KLM na Air France, huisha akaunti ikikaa kimya miezi 24. Kanuni hubadilika, zisome siku unayojiunga na uzisome tena kabla ya kukata tiketi. Usifanye kama mimi niliyesoma siku ya msiba.

Jina nimeshalia nalo vya kutosha: liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani wanakuita vingine. Namba ya uanachama iingizwe wakati wa kukata tiketi, si kaunta ukiwa unahangaika na begi. Bodingi pasi ipige picha ukiwa bado kwenye foleni.

Kwenu wafanyabiashara wenzangu nina neno jingine, na naomba mnivumilie, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Tunanunua tiketi kama tunavyonunua dagaa Mwaloni, anayepunguza mia tunamfuata. Dola 60 nilizookoa safari ya pili zilinifukuza kwenye muungano ambao leo ungekuwa umenibeba. Ukiruka njia moja kwa uaminifu unapanda hadhi, na hadhi kwetu sisi si launji yenye viti laini. Hadhi ni kilo. Mwenye Star Alliance Gold, hadhi ya juu ya muungano huo, anaruhusiwa begi moja la ziada kwenye njia zinazohesabu vipande, au kilo 20 za ziada kwenye zinazopima uzito. Nani kati yetu hajawahi kufungua begi sakafuni uwanjani, anavaa jaketi tatu kwa joto lile, anagawa sampuli kwa wapita njia, kwa sababu ya kilo sita? Mimi nimewahi kuacha pazia la kuonyesha wateja kwenye pipa la taka, jipya, la rangi ya zambarau. Naliota bado. Tujifunze, jamani. Tusiwe watu wa kuvuka bahari kwa akili ya kuvuka barabara.

Mimi tangu 2022 nina kadi moja. Ya Star Alliance, kwa sababu Addis ndiyo njia yangu, mara mbili kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Mara nyingine nimelipa zaidi ya wenzangu niliosafiri nao, na wamenicheka kwenye foleni, nikanyamaza.

Mwezi uliopita binti yangu amehitimu Toronto. Habari za viza nisizianze, zina makala yake. Tiketi yangu nimeilipa kwa maili. Kodi na ada nyingine nilitoa mfukoni, na hili mlijue, tiketi ya maili si ya bure kabisa, na baadhi ya mashirika ada zake zinakaribia kukushawishi ununue tiketi ya kawaida. Pia nafasi za maili ni chache, nilianza kuzitafuta miezi tisa kabla, na tarehe niliyoipata ilinifikisha siku nne mapema, nikalala kwenye sofa la chumba cha wanafunzi pamoja na wasichana watatu wa kimataifa waliokuwa wakiniita mama. Kiti nilichopewa kilikuwa cha katikati, mstari wa mwisho, mlango wa choo nyuma ya kichwa changu. Kila ulipofunguka nilitabasamu.

Niliporudi nilituma picha ya joho kwenye kundi la familia. Chini yake nikaandika tu, "Tiketi: maili." Sikuongeza neno.

Jana jioni shemeji kapiga simu. Kazunguka sana, kauliza habari za mvua, habari za mama, bei ya mapazia, mwishowe akasema, "Hivi shemeji, ile kadi yako uliifungulia wapi?" Inaonekana ile yake ya kung'aa maili zake zimeisha muda mwezi wa tatu. Nimemwambia aje dukani na pasipoti, kitambulisho cha taifa akiache nyumbani, tutaandika jina kama lilivyo humo. Kasema atakuja Jumamosi saa tisa.

Jumamosi nafunga saa nane.