Kabla hujanunua mfumo, omba kuona daftari la mtunza stoo

Wadau habari zenu. Juzi kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kitengo cha TEHAMA kanipigia, anasema bosi wake anataka mfumo mpya wa kuunganisha kila kitu, wauzaji wameshaleta bei na yeye ndo kaambiwa atoe ushauri, sasa aanzie wapi. Nikamwambia hiyo karatasi ya bei iweke kwanza, shuka stoo ukakae na mtunza stoo siku nzima. Akanyamaza, nadhani alitegemea nimtajie jina la programu.

Ngoja nieleze hili nimelipatia wapi.

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ya kusambaza pembejeo, mbolea na mbegu, makao makuu Dar na matawi Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, Njombe, Makambako huko. Tukanunua mfumo wa gharama kweli, mauzo, stoo na uhasibu vyote ndani, na mimi nilikuwemo kwenye kamati ya kuuchagua. Wauzaji walituonyesha kwenye projekta, tukauliza habari za sava, bakapu, usalama, leseni za watumiaji wangapi, maswali mazuri tu, ila hakuna aliyeuliza mfuko wa mbolea unatokaje getini.

Na biashara ya mbolea kule ina mwendo wake. Wakala analipa Septemba akiwa na hela mkononi, anaacha mzigo stoo kwetu, mpaka mvua zikianza kunukia kuelekea Novemba ndo anakuja na fuso kubeba. Miezi yote hiyo mifuko imelala kwetu lakini si yetu. Na kampuni ilikuwa inaitaka sana hiyo hela ya mapema, bosi kila kikao anasema tuwashike mawakala kabla ya mvua, huo ndo ulikuwa mkakati wetu wa mwaka mzima. Sasa mfumo haukuwa na mahali pa kuandika kwamba mzigo umelipiwa ila haujachukuliwa. Ulikuwa unapunguza idadi pale gari linapotoka tu, kwa hiyo mtu wa mauzo akifungua skrini anaona mifuko tele, anauza tena.

Novemba mvua ikashika, mafuso yakapanga foleni kutoka getini mpaka barabara kuu, watu wana risiti halali na mifuko haitoshi. Nilikuwa nimesimama pale. Mzee mmoja akanionyesha risiti yake ya miezi miwili nyuma, wala hakupiga kelele, akaniuliza tu, "Mwanangu, wakulima wangu nikawaambie nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali lile linaniuma kwa sababu mahindi hayasubiri, ukichelewesha mbolea ya kupandia umeshamharibia mtu msimu.

Jioni ile mama mtunza stoo akanivuta pembeni akafungua kaunta buku lake. Kila wakala ana ukurasa wake. Kalamu ya bluu ni mifuko iliyoingia na iliyotoka, kalamu nyekundu ni iliyolipiwa lakini mwenyewe hajaja, na pembeni kaandika namba ya simu na siku wakala aliyosema atakuja. Jibu lote lilikuwa pale, miaka yote, kwa wino mwekundu. Hatukuwahi kumuita kwenye kikao hata kimoja.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma habari za entapraizi akitekcha, usanifu wa taasisi nzima, maana nilitaka kujua kama wenzetu walishayaona haya. Walishayaona zamani. John Zachman aliandika makala yake kwenye IBM Systems Journal, jarida la kampuni ya kompyuta ya IBM, mwaka 1987, akachukua mfano wa ujenzi, kwamba mwenye nyumba, msanifu na fundi kila mmoja ana mchoro wake wa nyumba ileile. Alianza na maswali matatu: nini, vipi, wapi. Mwaka 1992 akiwa na John Sowa wakaongeza nani, lini na kwa nini. Niliposoma "lini" nikaweka kitabu chini kwanza. Sisi tulijibu nini na wapi vizuri kabisa, mifuko mingapi, tawi gani, ila mkakati wetu wote ulikuwa umekaa kwenye lini na nani, na hayo mawili hatukuyagusa.

Halafu kuna watafiti Henderson na Venkatraman, 1993, jarida hilohilo, hawa wanasema mkakati wa biashara na wa teknolojia vinavutana pande zote mbili, si kila mara biashara inaamrisha na teknolojia inafuata. Angalia M-Pesa, majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo, watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa. Wenye M-Pesa walikubali kuangalia watu wanafanya nini kweli.

Swali jingine la kumuuliza bosi mapema sana: matawi yetu yafanye kazi kwa namna moja, au kila moja lina namna yake ila tugawane taarifa? Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Jeanne Ross na wenzake, wamelifanyia kazi sana hili, na jibu lake linabadilisha unachonunua. Hapa Tanzania mfano tunao, malipo ya kwenda serikalini kupitia GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo, tangu 2017, taasisi kila moja ina mfumo wake na shughuli zake, ila hela inapita kwenye kontroo namba. Hawakulazimika kufanana kwa kila kitu. Sisi tulilazimisha matawi yote yafanane na bado wakala mmoja alikuwa na majina matatu, la mauzo, la stoo na la uhasibu.

TOGAF, yaani mwongozo maarufu wa usanifu wa taasisi, isome, ipo tangu 1995 na ina mambo mengi ya kukusaidia, ila usianze nayo kama hujawahi kufuatilia oda moja kwa miguu yako kuanzia simu ya mteja mpaka hela inaingia benki. Kila mahali utakapokuta daftari au eksel ya pembeni simama hapo, uliza kwa heshima inatumika kufanyia nini, maana watu hawajazi kitu mara mbili kwa kupenda. Na usiwashe mfumo mpya msimu ukiwa karibu, hata wauzaji wakikubembeleza kwa punguzo.

Sisi tulirekebisha kabla ya msimu uliofuata. Tukaongeza hali ya mzigo uliolipiwa na kusubiri kuchukuliwa, kila wakala akapewa namba moja, na mama wa stoo ndo alikuwa wa kwanza kuujaribu, tukamwambia akikataa haupiti. Alikataa mara mbili.

Yule kijana jana usiku kanitumia picha ya daftari la stoo yao. Kuna safu ya mwisho imejaa herufi K na M tu, anauliza ni nini. Nimemwambia arudi asubuhi na chai mkononi, amuulize mwenye daftari.