Kupe wa mbwa hawaishi kwa sababu wengi wao hawako kwenye mbwa

Mkuu, umeeleza kwamba mbwa wako wawili unawaogesha dawa kila wiki, jioni unawatoa kupe kwa mkono, na kesho yake masikio yamejaa tena. Halafu kuna mwenzetu amekushauri uwapake oili chafu. Nimefuga mbwa wa ulinzi hapa Morogoro kwa miaka mingi na vita hii naijua vizuri, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Oili chafu naomba uiache kabisa. Imetoka kwenye injini ikiwa na masalia ya vyuma na kemikali, na mbwa hujilamba mchana kutwa. Inachubua ngozi, inaingia tumboni, mwisho inaumiza ini na figo. Dizeli na mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Na wale wanaochanganya kitunguu saumu kwenye chakula ili "damu iwe chungu", tafadhali acheni. Kitunguu saumu, sawa na kitunguu maji, kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na mbwa mwenye kupe wengi huenda tayari ana upungufu wa damu.

Sasa kwa nini wanarudi. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa ni jamii moja na yule anayewapa ng'ombe ndigana kali, ila makazi yao ni tofauti. Yule wa ng'ombe anasubiri malishoni kwenye majani. Huyu wa mbwa anapenda nyumba. Anakunywa damu mara tatu katika maisha yake: akiwa mchanga mwenye miguu sita, akiwa wa umri wa kati, na akiwa mkubwa. Kila akishiba anaanguka, anatafuta ufa, anajibanza humo mpaka ajivue gamba, kisha anatoka kumtafuta mbwa upya. Jike akishiba anavimba kama punje ya harage la kijivu, anapanda ukutani, anaingia tunduni na kutaga mayai yanayoweza kufika 4,000. Kwa joto letu, mzunguko wote unaweza kukamilika kwa zaidi kidogo ya miezi miwili. Kupe mkubwa asiyepata mbwa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Ndiyo maana mtu anahamia nyumba ambayo haijawa na mbwa muda mrefu, analeta mtoto wa mbwa, na ndani ya wiki ana kupe.

Kwa hiyo unapomwogesha mbwa unaua wale waliokuja kula tu. Waliobaki wapo bandani.

Leo usiku chukua tochi ukague. Mulika pembe za banda karibu na bati, nyuma ya mbao, chini ya gunia analolalia, kwenye matundu ya tofali yasiyopigwa lipu, mpaka fremu ya mlango wa nyumba kama mbwa analala barazani. Utawaona wamejipanga. Mbwa wangu walipona kupe pale nilipoligeukia banda. Magunia na godoro kuukuu yalichomwa moto, fundi akaziba nyufa kwa saruji na kupiga lipu laini ndani na nje, kitanda cha mbao kikainuliwa kutoka sakafuni ili chini pafagiwe. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, ipeleke kwenye lipu. Hakuna dawa itakayoshinda ukuta wa tofali wazi.

Baada ya hapo ndipo upulize. Kwenye kuta watu wengi tunatumia saipamethrini au deltamethrini kutoka duka la dawa za mifugo, kwa bomba la mgongoni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Puliza kuanzia sakafu mpaka juu kwenye kenchi, maana kupe huyu hupanda. Mbwa wakae nje mpaka pakauke. Mayai hayafi kirahisi, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili, kisha tena, na uendelee kukagua kwa tochi angalau miezi mitatu. Wengi wanaacha baada ya mara ya kwanza kwa kuwa wanaona kumetulia, kumbe mayai ndiyo yanaanguliwa. Kama una bwawa la samaki au mizinga ya nyuki karibu, kuwa mwangalifu mno, dawa hizi zinawaua. Kuku nao watoe bandani kabla ya kupuliza. Najua kuku hudonoa kupe na wanasaidia kwa ng'ombe, lakini huyu anayejificha ndani ya ufa hawamfikii.

Kumtoa kupe mwilini: tumia kibano chenye ncha nyembamba, kile cha kutolea mwiba. Mshike pale mdomo ulipoingia, karibu kabisa na ngozi, halafu vuta moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu bila kuzungusha wala kustua. Usimshike tumboni. Ukimminya, mate na damu yake vinarudi ndani ya mbwa. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya mgando ili ajiachie mwenyewe kunachelewesha tu, na muda wote huo anaendelea kuingiza mate yake. Ukimtoa mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti. Usimpasue kwa kucha, na watoto wasichezee, kwa sababu kupe huyu anaweza kumpa hata binadamu homa. Kama kipande cha mdomo kimebaki, usichimbe. Safisha, ngozi itakisukuma nje. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, kinenani, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingo. Hapa chini ya mkanda ndipo wanapofichika zaidi na watu wanapasahau.

Dawa za kuogesha. Nyingi mtaani ni amitrazi ya asilimia 12.5, ile ile ya josho la ng'ombe. Kwa kupe, daktari wangu alinielekeza mililita 2 kwa lita 1 ya maji, na lazima upime kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo. Mwoshe mbwa kwanza kwa sabuni atoke vumbi, mkaushe kidogo, kisha mpake dawa mwili mzima ukiwa na glavu, na usimsuuze. Aachwe kivulini akauke bila kujilamba. Macho na ndani ya masikio usiimwagie. Akilegea sana, akapepesuka au mwili ukawa wa baridi baada ya kuoga, mwoshe kwa maji mengi na umwahishe kwa daktari. Usiwape watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne, majike wenye mimba, wala paka wa aina yoyote. Paka pia hatakiwi karibu na permethrini, dawa ya jamii moja na zile za kupuliza kutani, inamuua. Mtoto wa mbwa mtoe kupe kwa kibano na umwone daktari upesi, kwa sababu kupe wengi wanaweza kummaliza damu.

Vidonge vya kutafuna kama Bravecto, NexGard na Simparica ni ghali, lakini kwa mtu mwenye mbwa mmoja au wawili mimi naviona vina thamani. Bravecto inafanya kazi wiki kama 12, NexGard mwezi, Simparica mpaka siku 35. Vinatolewa kwa uzito wa mbwa. Fahamu tu kwamba havifukuzi kupe: lazima aume kwanza ndipo afe, kwa hiyo utaendelea kuwaona wachache. Na mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari kujua. Mwarobaini nimeutumia, majani yaliyochemshwa. Unasaidia kupunguza wanaomsogelea mbwa, ila kwa banda lililojaa hautoshi. Sindano ya ivameksini, dawa ya minyoo ambayo wengi hukimbilia, haifai sana kwa kupe, na baadhi ya mbwa wa jamii ya Collie, na hata German Shepherd wachache, wana urithi unaofanya dawa hiyo iwadhuru ubongo. Kwa hao wako, muulize daktari kwanza.

Kuhusu ugonjwa hapa ndipo naomba usome taratibu. Kupe huyu anaeneza erlikiosisi na babesiosisi, magonjwa mawili ya vijidudu vinavyoshambulia chembe za damu. Anaweza kuambukiza erlikiosisi ndani ya saa chache tu tangu aume, kwa hiyo kusubiri Jumamosi ya kuoga ni kuchelewa. Dalili ni homa, kukataa chakula, kulala lala, tezi kuvimba, fizi kupauka, kutoka damu puani, au mkojo wa rangi ya chai nzito. Jike wangu mmoja alianza kwa kukataa ugali wake tu, siku zilizofuata akatoka damu puani. Tulimpeleka hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, damu ikapimwa, ikawa erlikiosisi. Alipewa doksisaikilini, dawa ya kuua bakteria, kwa wiki nne. Wiki ya kwanza alikuwa amechangamka kabisa, na hapo ndipo wafugaji wengi wanaacha dozi. Sisi tulimaliza yote, na aliishi miaka mingi baadaye. Babesiosisi ina dawa nyingine kabisa, kwa hiyo usimchome sindano kwa kubahatisha. Kipimo cha damu kwanza.

Jioni hii inua mdomo wa mbwa wote wawili uangalie fizi. Zikiwa nyeupe au njano, usisubiri majibu yetu, nenda kwa daktari kesho asubuhi. Zikiwa za waridi, anza na magunia, kisha utuandikie umri na uzito wao, na kama nyumbani kuna paka, ili tukushauri dawa ipi inafaa.