Maswali yenu: Binti aende kambi ya monasteri?

Shikamoo Mama. Mimi ni Mkenya, naishi Athens mtaa wa Kypseli, kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja mgonjwa. Binti yangu ana miaka 12. Shule hapa zinafungwa katikati ya Juni mpaka Septemba, nami mwajiri hanipi likizo ndefu. Rafiki yake wa darasani amemwalika kwenye kambi ya wasichana katika monasteri ya watawa wa kike huko milimani, siku kumi mwanzoni mwa Agosti. Sisi ni Wapresbiteri. Mama yangu yuko Nyeri, na kwenye simu amenikataza kabisa kumpeleka mtoto kwa "dini ya Wagiriki". Nimechanganyikiwa. — Mama wa Kypseli

Marahaba, mwanangu. Mimi nasema mwache aende, ila wewe utangulie.

Kwanza Nyeri. Mwambie mama yako kwa upole kwamba Waorthodoksi wapo kwao tangu miaka ya 1930, walianza na Wakikuyu waliojitenga na wamisionari wakajenga makanisa na shule zao wenyewe. Mwaka 1946 wakapokelewa na Upatriarki wa Aleksandria, yaani uongozi mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika. Akiuliza majirani hatakosa familia moja ya Kiorthodoksi, na atasikia "Bwana hurumia" ikiimbwa kwa Kikuyu. Wagiriki hawana hati miliki ya imani hii.

Sasa mtoto. Nilikuja Thessaloniki kusoma theolojia, nikabaki, na kiangazi huwa nasaidia jikoni kwenye kambi za namna hii, kwa hiyo nakueleza ninayoyaona. Alfajiri mtawa anapita uani amebeba ubao mrefu begani, anaupiga kwa nyundo ya mti, mdundo wa taratibu kisha wa haraka. Huo ubao ndio talanto, nao ndio unaowaamsha. Sala ya asubuhi hufupishwa kwa ajili ya wasichana, halafu chai, mkate na tahini, yaani ufuta uliosagwa. Baada ya hapo kila mmoja anapewa kazi yake: huyu viazi, huyu bustani, huyu vyombo. Binti wa mjini ambaye nyumbani haoshi kikombe utamkuta chini ya mtini na beseni la viazi mapajani, anamenya na kusimulia habari zake zote kwa mtawa wa miaka 70 asiyemkatiza hata mara moja. Ukiniuliza faida ya kambi, nitakutajia hapo. Watoto wetu wa ughaibuni wana wazazi wanaowapenda sana lakini wanaorudi usiku wamechoka, na mtu mzima wa kumsikiliza mtoto saa nzima ni adimu.

Mchana wa jua kali ni kulala au kukaa kimya. Jioni kuna mafundisho, uimbaji, voliboli kwa sketi ndefu (wanaizoea siku ya pili), na kusuka komboskini, ile kamba ya sala ya sufu nyeusi. Kila fundo lina misalaba tisa ndani yake. Uzi unazungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, unapitishwa juu, chini, juu tena, na ukikosea mzunguko mmoja fundo zima linafumuka mkononi. Wengi hulia na fundo la kwanza. Kila fundo likikaza, mtoto anasema, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie." Hiyo ni sala ambayo Mpresbiteri anaweza kuisema bila kumkosea mtu.

Chakula: kuanzia tarehe 1 hadi 14 Agosti ni mfungo wa Mzazi Mungu, yaani Bikira Maria, kabla ya sikukuu yake ya tarehe 15. Hakuna nyama, mayai wala maziwa, na samaki ni siku ya Kugeuka Sura tu, tarehe 6. Atakula maharage mabichi kwa nyanya, makaroni, zeituni, halva na tikiti maji. Hatakufa njaa. Kama ana ugonjwa au mzio wa kitu, sema mapema na uandike kwenye fomu, nao watampikia chake, maana mfungo haumlazimishi mgonjwa. Karibu kila jioni ya siku hizo huimbwa Paraklisi, sala ya kumwomba Mzazi Mungu, na wasichana huishika kwa sikio upesi ajabu.

Jambo moja mweleze kabla hajaondoka, lisimkute kanisani mbele ya wenzake: hatapokea Komunyo, kwa kuwa si Mwoorthodoksi. Asipoambiwa atajipanga kwenye mstari na rafiki yake, arudishwe, na aibu hiyo ataikumbuka kuliko kambi yote. Mwisho wa Liturujia kuna mkate uliobarikiwa, na mara nyingi hupewa kila anayesogea, lakini amuulize kwanza mtawa aliye karibu.

Nimesema utangulie. Kabla ya Agosti chukueni meli Piraeus mwende Aegina, ni saa moja na kitu, na bandarini kuna basi la kuwapeleka mpaka monasteri ya Mtakatifu Nektarios. Ni ya watawa wa kike, yeye mwenyewe aliianzisha mwaka 1904. Alikuwa askofu wa Upatriarki uleule wa Aleksandria, huko Misri, akasingiziwa na kufukuzwa mwaka 1890. Alifariki 1920, akatangazwa mtakatifu 1961, na mwaka 1998 Upatriarki ukaomba msamaha kwa aliyotendewa. Mtaona watu wameinama na kutega sikio kwenye kaburi lake, wakiamini kuna sauti husikika. Mwangalie binti yako humo ndani: ametulia, au anavuta mkono wako muondoke? Hapo utajua kama siku kumi anaziweza.

Kisha mpigie Mama Mkuu wa monasteri ya kambi, yaani Gerontissa, umuulize waziwazi. Nani analala na wasichana usiku? Ni wangapi kwa chumba? Padri anaungamisha wapi, na je, ni mahali panapoonekana na watu? Simu zinakusanywa, sawa, lakini mtoto akitaka kuongea nami ataomba kwa nani? Cheti cha daktari mnahitaji? Gerontissa mwema hachukizwi na maswali haya. Akikukaripia kwa kuuliza, mtoto abaki nyumbani, wala usibembelezwe. Na binti ajue kwa kichwa nambari yako na 1056, laini ya taifa ya watoto hapa Ugiriki. Ni haki yake popote alalapo, monasteri au hotelini.

Mama, nina miaka 15, nimebatizwa Orthodoksi. Mwaka jana kambini nilikuwa kwenye hedhi, msichana mmoja mkubwa akaniambia nisikanyage kanisani kwa kuwa mimi ni mchafu. Nilikaa nje siku tatu. Sitaki kurudi. — Msichana wa Patras

Binti yangu, pole sana. Wewe si mchafu, na aliyekwambia vile hakuwa na ruhusa ya kukwambia.

Ukweli wenyewe ni huu. Katika karne ya 3 askofu Dionisio wa Aleksandria aliandika kwamba mwanamke aliye katika hedhi asiingie kanisani wala asisogelee Komunyo, na monasteri nyingi bado zinashika desturi ya kutopokea Komunyo siku hizo. Lakini hapohapo aliandika kuwa kusali katika hali yoyote hakuna lawama. Naye Papa Gregori Mkuu, ambaye Waorthodoksi tunamheshimu kama mtakatifu, alijibu swali hilohilo kwamba mwanamke asikatazwe kuingia kanisani wala kupokea, kwani hana kosa kwa jambo la maumbile. Basi watakatifu wenyewe hawakusema kwa sauti moja, na msichana mwenzako amejifanya jaji juu yao.

Mimi ningefanya hivi: ongea faraghani na padri wako wa maungamo kuhusu Komunyo, ufuate atakalokwambia, na kanisani uingie, usimame na wenzako, uimbe. Mtu akikuuliza kwa nini leo hupokei, huna deni la kumjibu. Beba sodo za kukutosha, maana duka liko mbali na monasteri, na ukipungukiwa mwombe mtawa yeyote. Nao ni wanawake.

Tena mwandikie Gerontissa barua, mweleze zile siku tatu. Wakuu wa kambi mara nyingi hawajui wasichana wakubwa wanawaambia nini wadogo huko bwenini, na yeye ndiye wa kulikomesha. Usipotaka kuandika peke yako, andika na mama yako.

Mke wangu anataka binti yetu wa miaka 14 aende kambi ya monasteri. Mimi naogopa watamgeuza mtawa. Ni kweli huwa wanafanya hivyo? — Baba wa Thessaloniki

Ndugu yangu, hofu yako naielewa, ni ya mzazi. Ila kanuni ya 18 ya Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, inataka msichana afikishe miaka 16 au 17 ndipo nadhiri yake ihesabiwe, na hata hapo achunguzwe kwa muda na aombe mwenyewe kwa kusisitiza. Siku hizi wengi huingia wakubwa zaidi, wakiwa wamemaliza masomo, na hukaa miaka wakijaribiwa kabla ya kuvikwa vazi. Kambi ya wiki moja haiwezi kuyaruka hayo yote.

Mtawa akimwambia binti wa miaka 14 "wewe ni wetu", au akimtaka afiche jambo kwenu, nenda ukamchukue siku hiyohiyo. Lakini mtoto mwenyewe akirudi na kukwambia anafikiria utawa, usimcheke na usimfokee. Msikilize, amalize shule, na kiangazi kijacho mwende pamoja hiyo monasteri, umsalimie Gerontissa na umwone kwa macho yako.