Anasoma Kama Mtangazaji, Ukimuuliza Hajui Kitu

SWALI: Habari ticha. Mimi ni mama wa kijana wa gredi 4, tunakaa Manyatta hapa Kisumu. Huyu mtoto anasoma mbio ata Kizungu, ungedhani ni mtangazaji wa redio, lakini ukimuuliza hadithi inasema nini anakuangalia tu. Ufahamu anapata 2 ama 3 kwa 10. Jirani ananiambia nimuongezee tuisheni. Nifanyeje jameni? – Mama Boi

JIBU: Pole Mama Boi, na hiyo pesa ya tuisheni iweke kwanza. Hebu soma hii: "Mzee Chiru alitwenga fukori kando ya ndweso." Chiru alitwenga nini? Fukori. Alitwengea wapi? Kando ya ndweso. Umepata 2 kwa 2 na hujaelewa kitu, ata mimi sijui maana yake, nimeitunga saa hii nikinywa chai. Sasa watoto wengi wanapita ufahamu hivyo hivyo huko gredi za chini, anatafuta neno la swali kwenye hadithi halafu ananakili lililo karibu nalo, na ticha anaweka tiki. Wakifika gredi 4 masomo karibu yote yanaingia Kizungu, maswali nayo yanaanza "unadhani ni kwa nini", basi ujanja unaishia hapo.

Kuna wataalamu wawili, Gough na Tunmer, walieleza 1986 kwamba kuelewa unachosoma ni hesabu ya kuzidisha: kutambua maneno mara kuelewa lugha. Upande mmoja ukiwa sufuri, jibu ni sufuri. Boi wako upande wa kwanza yuko sawa kabisa, so pima wa pili. Funga kitabu chake, msomee wewe pole pole, yeye asikilize tu. Akielewa, basi ni hiyo mbio inamponza, mwambie apumue kila nukta. Asipoelewa ata kwa kusikia, shida ni lugha ama ni mambo yenyewe hajawahi kukutana nayo.

Na hii ya mwisho watu huidharau sana. Marekani 1988, Recht na Leslie waliwapa wanafunzi 64 hadithi ya mechi ya besiboli, na wale wasomaji dhaifu waliojua besiboli wakaelewa kuliko wasomaji hodari wasioijua. Ni kama mtoto wa Dunga, kule kwa wavuvi kando ya ziwa, mpe hadithi ya mtumbwi na nyavu atakueleza mpaka uchoke wewe, lakini mpe ya kuchuma majani chai Kericho anakwama kwa "chipukizi" na hakuna mtu wa kumwambia ni nini.

Kwa hivyo dakika 10 jioni, mkingoja ugali uive, soma naye aya moja tu. Kabla hajaanza muulize anafikiri itahusu nini. Neno gumu mfafanulie ata kwa Dholuo, hakuna dhambi hapo. Halafu mgeuze yeye ndio ticha, akuulize wewe maswali (Palincsar na Brown walijaribu hii ya kupokezana ualimu 1984 na watoto waliosoma vizuri bila kuelewa, kama huyu wako, na wakapanda). Mara moja moja jibu vibaya makusudi, kama hadithi inasema mzee aliuza mtumbwi kwa sababu ya shida, wewe useme aliuza kwa sababu alikuwa tajiri. Utamwona anakupokonya kitabu akuonyeshe mstari.