Mwanangu, mimi sikuachwa

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona wanawake wanaodai talaka wakiwa na miaka hamsini na kitu huko redioni na mitandaoni wanageuzwa kichekesho, na mimi nilivyoenda mahakamani na miaka 54 yangu sikuogopa kusemwa? Nikakwambia ntakuandikia, maana baba yako mdogo alikuwa kakaa hapo sebuleni masikio kayatega.

Niliogopa, tena sana. Siku moja niko saluni, redio inaongea, mtangazaji anasoma kisa cha mama wa miaka 57 kadai talaka baada ya kuzeeka na mumewe, halafu anauliza wasikilizaji huyu mama kapatwa na nini. Simu zikamiminika, wa kwanza anasema huyo ana serengeti boy, kijana wa kumlea, wa pili anasema watoto wanamtumia hela ndo kiburi kimempanda, yani hamna hata mmoja aliyeuliza huyo mzee kamfanyia nini. Saluni nzima tukacheka. Na mimi nilicheka mwanangu, rola kichwani, na barua yangu ya kwenda baraza la kata iko kwenye pochi.

Sikiliza na maneno yao. Mzee wa miaka 62 akioa kabinti wanasema kavuta jiko, mzee bado yumo. Mwanamke yeye anaachwa tu, hata kama kesi kafungua mwenyewe. Mimi ndo nilienda baraza, likashindwa kutupatanisha, likanipa hati nikaenda nayo mahakama ya mwanzo, lakini kanisani habari ikawa mama fulani kaachwa jamani. Kaachwa na nani, na sufuria nilibeba mimi?

Wala si sisi wa uswahilini tu. Melinda Gates alipoachana na Bill, yule tajiri wa Microsoft, 2021, ndoa ya miaka 27, watu wakakaa kupiga hesabu atabeba mabilioni mangapi, utadhani kayaokota njiani. Kwangu ilikuwa nyumba moja ya vyumba vitatu na bado nikaambiwa nataka kula jasho la mzee. Hiyo ndo iliniuma kuliko serengeti boy. Sheria ya Ndoa hapa Tanzania ipo toka 1971, kifungu cha 114 kinataka mahakama ikigawa mali iangalie mchango wa kila mtu, na 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, walisema hela aliyopewa na mume alishaitapanya, ila sisi wa nyuma alitufungulia mlango). Hayo redioni husikii, na kwenye muvi mama mtalaka akitokea ujue ana bia mkononi na kijana pembeni.

Usiku wangu wa kwanza peke yangu nilikula mihogo ya kuchemsha na chai, saa mbili nimelala, taa zote zinawaka maana hakuna wa kunigombeza umeme. Nani atatangaza hiyo, haina utamu.

Ukija Pasaka niletee betri za redio, zile kubwa. Kile kipindi bado nakisikiliza. Jana mama mmoja alipiga, akamuuliza mtangazaji na wewe mama yako ana miaka mingapi na anaishi na nani, wakamkatia simu wakaweka mziki.

Mama yako