Wote wamejibu "muda wote": tafsiri ya dodoso la ustawi wa akili imekwama wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Newala, na ninamalizia shahada yangu kwa masomo ya masafa. Utafiti wangu unahusu ustawi wa kisaikolojia wa watumishi wa afya, na baadaye nataka kuwalinganisha na akina mama wanaokuja kliniki. Nimechukua dodoso la WHO-5 la Shirika la Afya Duniani, lenye sentensi tano kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, nikalitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, nikalijaribu kwa watu 20. Swali la kwanza nimeliandika hivi: "Nimekuwa mchangamfu na mwenye roho nzuri." Karibu wote wamejibu "muda wote". Swali la nne, la kuamka ukiwa umepumzika, limewatatiza wenzangu wa zamu ya usiku. Msimamizi anasema nikokotoe alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha kama majibu ya maswali yanakubaliana, ikifika 0.7 nisonge mbele. Je, dodoso lina kasoro? Na mtu akipata alama chini ya 50 kati ya 100, niandike kwamba ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa?

JIBU: Dada yangu, usisonge mbele bado. Dodoso lenyewe ni zima, limetumika tangu 1998 katika nchi nyingi. Kilichokwama ni tafsiri ya swali la kwanza, na alfa haitakuonyesha hilo.

Lisome tena kwa sauti, kama bibi aliyekaa kwenye benchi la kliniki anavyolisikia. Kiingereza chake, "cheerful and in good spirits", kinauliza habari ya moyo uliochangamka. Kwetu "roho nzuri" ni sifa ya tabia: mtu mkarimu, asiye na kinyongo wala husuda. Nani atakaa mbele ya muuguzi anayemfahamu akakiri kwamba wiki mbili hizi amekuwa na roho mbaya? Umewauliza tabia, nao wamekujibu tabia. Alfa hupima kitu kimoja tu, yaani kama majibu ya maswali yako yanapanda na kushuka pamoja. Haijui maswali hayo yanahusu nini. Maswali matano yaliyotafsiriwa vibaya kuelekea upande mmoja yanaweza kukupa alfa nzuri kabisa, na kwa watu 20 namba hiyo yenyewe huyumba sana.

Liko jambo la pili, nalo ndilo ninalotaka ulitazame kwa makini zaidi. Kwetu mazungumzo huanza na habari. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mtu aliyefiwa jana naye huanza na "nzuri", kisha ndipo aseme "ila". Sasa wewe unamaliza kumsalimu, unafungua karatasi, unamuuliza kama amekuwa na utulivu, kama amekuwa na nguvu. Kwake salamu bado zinaendelea. Niliwahi kukaa kibarazani na mama mmoja katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, akanijibu maswali yote vizuri kabisa, alama zake zikawa za juu. Nilipofunga daftari akaniambia taratibu kwamba siku tisa nyuma alimzika mjukuu wake. Hakunidanganya. Sikuwa nimempa nafasi ya kufika kwenye "ila".

Kwa hiyo zitenge salamu na maswali. Msalimu, zungumzeni mambo mengine, kisha mwambie wazi: "Sasa nitakusomea sentensi tano. Hizi si salamu. Hakuna jibu zuri wala baya, nataka ilivyokuwa kweli." Anza kuhesabu wiki mbili kutoka siku anayoikumbuka, kwa mfano Ijumaa ya juma lililopita na ile iliyoitangulia. Majibu sita ya WHO-5, kuanzia 5 ya "muda wote" hadi 0 ya "hakuna wakati wowote", humpotezea njia anayesikiliza bila kusoma, hasa pale penye "zaidi ya nusu ya muda". Mpangie njiti 14 za kiberiti mezani, kila moja siku moja, azitenge mwenyewe zile alizochangamka. Zikionyesha jambo tofauti na jibu alilochagua, mrudishe kwenye swali, achague upya baada ya kuzitazama.

Kuhusu tafsiri, usianze kutoka sifuri. WHO-5 ya Kiswahili ilifanyiwa uhakiki Kilifi, pwani ya Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU na wenye kifafa, na matokeo yakachapishwa 2018. Itafute, uifanye msingi wako, kisha uipime kwa masikio ya Newala. Njia iliyozoeleka ni ile aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeijua nakala ya asili anairudisha kwenye Kiingereza, kisha mnalinganisha. Inafaa, lakini haitoshi. Mwalimu wa Kiingereza angeirudisha "roho nzuri" kuwa "good spirits", vilevile ilivyotoka, nanyi mngeridhika.

Kinachofichua kosa ni kumwomba mtu afikiri kwa sauti. Chukua watu wanane au kumi ambao hawatakuwa kwenye sampuli yako. Soma swali, pokea jibu, kisha uliza: "Hapo umeelewa nimekuuliza nini? Umekumbuka siku gani?" Andika maneno yao yenyewe. Utasikia "moyo mzito", utasikia "nina mawazo", ambayo hapa kwetu maana yake si kwamba mtu ana fikra nyingi nzuri. Wazee wengine watakujibu kwa Kimakonde, nawe uwe na mtu wa kukusaidia badala ya kukisia. Neno "sonona" utakuta wengi hawalitumii nyumbani. Kwa swali la kwanza ningejaribu "nimekuwa na furaha na uchangamfu", lakini uamuzi uwape wao.

Wenzako wa zamu ya usiku wana haki kulishangaa swali la nne. Aliyelala saa mbili asubuhi akaamka saa sita mchana kwa kelele za watoto hajui "kuamka" kunakoulizwa ni kupi. Usibadili swali lenyewe, maana ukilibadili huwezi tena kulinganisha alama zako na za wengine. Mweleze tu kwamba ni kila alipoamka kutoka usingizi wake mkuu, na uandike pembeni idadi ya zamu za usiku katika siku hizo 14. Bila safu hiyo utachanganya ratiba ya zamu na hali ya moyo.

Sasa alama 50. Unajumlisha maswali matano upate kati ya 0 na 25, unazidisha kwa 4. Anayepata 50 au chini amekuambia kwamba ustawi wake uko chini na anastahili kuangaliwa zaidi. Hajakuambia kwamba ana ugonjwa. Chukua mfano wa kukadiria: watu 100, kati yao 10 kweli wana sonona, na kipimo kinawatambua wagonjwa 8 kati ya kila 10, na wazima 8 kati ya kila 10. Kitawakamata wagonjwa 8. Lakini kati ya wazima 90 kitawakamata 18 pia. Ukiandika "asilimia 26 wana sonona", umezidisha ukweli zaidi ya mara mbili, na mganga mkuu wa wilaya atapanga mambo kwa namba hiyo. Andika "asilimia kadhaa walikuwa na ustawi wa chini", basi. Vivyo hivyo usiite hali hiyo uchovu wa kazi uliokithiri. Huo Shirika la Afya Duniani limeuweka katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kama hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, na una vipimo vyake.

Ukiamua kuongeza PHQ-9, dodoso la maswali tisa kuhusu dalili za sonona, fahamu kwamba swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliulize hata mara moja kabla hujapanga nani atampokea mtu huyo siku hiyohiyo, kwa jina na namba ya simu, iwe hospitali ya wilaya au Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara. Hili liandike kwenye maombi yako ya kibali cha maadili.

Na watumishi wenzako uwalinde. Kituo chenye watu tisa, ukiandika "muuguzi wa kike, miaka 40 hadi 49", kila mtu kijijini anajua ni nani. Fomu zisipitie kwa mganga mfawidhi. Waweke kwenye bahasha, wazifunge wenyewe, na matokeo uyatoe kwa wilaya nzima.

Mwisho, tarehe. Ukikusanya Novemba, minada ya korosho imechangamka na malipo yanaingia, na watumishi wengi nao wana mikorosho yao. Ukikusanya Februari, fedha imekwisha na watu wako kwenye palizi. Akina mama ukiwahoji msimu mmoja na watumishi msimu mwingine, tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya korosho tu. Wahoji wote ndani ya mwezi mmoja. Ukishalijaribu swali la kwanza jipya kwa watu wengine 20, niandikie majibu yalivyotawanyika kutoka 0 hadi 5, tulitazame pamoja kabla hujachapa fomu.